Nyumba ya Wakweka ya matofali: saruji haiifai, na ukarabati uanzie kwenye maji

Msomaji anauliza: "Mimi ni Mkenya, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki kule Vihiga, na sasa naishi kusini mwa jimbo la New Jersey, Marekani. Marafiki wa huku wameniingiza kwenye kamati inayotunza nyumba ya matofali iliyojengwa na familia ya Wakweka, yaani Marafiki wa zamani, miaka ya 1730. Ubavu wake mmoja una mapambo ya matofali ya bluu, herufi na mwaka. Shida ni kwamba matofali yanabanduka vipande vipande, ilhali mota, ule mchanganyiko unaoyashikanisha, imebaki ngumu kabisa. Fundi aliyekuja anasema tuikwangue, tujaze saruji mpya, kisha tupake ukuta mzima dawa ya kuzuia maji. Je, ni sawa? Na watu hawa waliohubiri maisha ya kiasi, mapambo yale waliyaweka ya nini?"

Ndugu yangu, kwa swali la kwanza jibu ni hapana, na nakuomba ulifikishe kwenye kamati kabla hamjatia saini mkataba wowote. Tofali kuisha huku mota imesimama ni dalili ya ukuta uliokwisha kutiwa saruji siku za nyuma. Kazi hiyo yaelekea ilifanywa katika karne iliyopita, na aliyeifanya aliamini anaiokoa nyumba. Mkiongeza saruji nyingine, kisha mkafunika ukuta wote kwa dawa, mtakuwa mmeziba njia ya mwisho ambayo maji yalikuwa yakitokea.

Nitaanza na tofali lenyewe, maana ukilielewa hilo mengine yote yanakuja yenyewe. Umetoka Vihiga, kwa hiyo tanuri la kienyeji unalijua: udongo unakanyagwa, unapigwa kwenye kalibu, matofali yanaanikwa, yanapangwa na kuachiwa matundu ya moto chini, kisha kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa. Wakweka wa Salem County, huko huko kusini mwa New Jersey, walichoma yao namna hiyo hiyo. Na tanuri la namna hiyo halina joto moja. Matofali ya pembezoni hutoka hayajaiva vizuri, laini, ya rangi ya waridi iliyofifia. Waashi waliyaficha ndani ya ukuta. Yaliyoiva vizuri hutoka mekundu, nayo ndiyo yaliyowekwa nje. Yale yaliyokuwa yametazamana na moto yalipata jambo jingine. Kuni, hasa za mwaloni, zikiungua hutoa mvuke wenye chumvi za potasi. Mvuke huo ukiukuta mchanga ulio usoni mwa tofali katika joto kali, uso huyeyuka na kuwa kioo chembamba cha bluu iliyochanganyika na kijivu. Bluu mnayoiona ubavuni mwa nyumba yenu imetoka humo tanurini. Haikupakwa.

Hata lile tofali jekundu zuri, kwa ndani ni laini. Lina ngozi nyembamba iliyokazwa na moto, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake yote. Mafundi wa wakati ule walilijengea mota ya chokaa na mchanga, laini kuliko tofali. Walifanya hivyo kwa kuwa chokaa ndiyo iliyokuwapo, lakini pia ndiyo iliyofaa. Ukuta wa aina hii hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa. Mota ikiwa laini na yenye vinyweleo, maji hupitia humo, chumvi zake hukaukia humo, na kinacholika polepole ni mota. Baada ya vizazi viwili au vitatu unakwangua, unajaza nyingine, na matofali yako yapo. Chokaa ina sifa nyingine ninayoipenda sana: ukuta ukicheza kidogo na ufa mwembamba ukatokea, maji huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa, nao hujiziba.

Sasa weka saruji ya Portland, ile saruji ya kawaida ya siku hizi, mahali pa chokaa. Saruji hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na Marekani ilianza kutengenezwa miaka ya 1870, kwa hiyo hakuna nyumba ya kikoloni iliyojengwa kwayo. Ni ngumu, haipishi maji kwa urahisi na haikubali kujongea. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye viungo, yaani ile mistari ya mota kati ya matofali, sasa hayana pa kupita ila kwenye tofali. Chumvi zinajikusanya na kuganda nyuma ya ile ngozi. Kisha unakuja msimu wa baridi ambao huku kwetu hatuujui: maji yakiganda kuwa barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ngozi inasukumwa nje. Ikishabanduka, moyo laini wa tofali unabaki wazi, na mvua ya mwaka mmoja inakula kuliko ilivyokula kwa karne mbili. Jua likipiga vilevile, tofali hutanuka, linaikuta saruji imekaza, na kingo zake zinavunjika.

Yeyote aliyefanya kazi Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu anaijua hadithi hii, ila kule hakuna barafu. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, zikipigwa lipu ya saruji, hubaki nzuri kwa muda mfupi. Baadaye lipu inavimba, chumvi inatoka, na jiwe lililo nyuma limekuwa unga. Mimi uashi wa chokaa nilijifunzia huko, na ninaposoma barua kama yako najiona niko mbele ya ukuta ule ule.

Kabla hamjaamini maneno yangu, hakikisheni. Chukua msumari ukwaruze kiungo mahali palipojificha, kwa mfano chini ya ukingo wa dirisha au nyuma ya bomba la maji ya mvua. Mota ya chokaa itatoa unga wenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na mchanga. Saruji itaacha mstari wa kijivu tu, na msumari utateleza. Mkibahatika mtakuta sehemu ambayo haijaguswa tangu mwanzo. Ng'oeni kipande kidogo mkitazame kwa kioo cha kukuza. Mtaona punje za mchanga wa mtoni za rangi mbalimbali, vidonge vyeupe vya chokaa ambayo haikuchanganyika sawasawa, na huenda vipande vya gamba la chaza. Ghuba ya Delaware ilikuwa na chaza wengi, na maeneo ya pwani kama hayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma magamba, kama mababu zetu walivyochoma matumbawe. Kipande hicho kitunzeni vizuri. Ndicho kitakachowaambia mchanganyiko gani utumike.

Nije kwenye swali lako la pili, na nitalikalia kidogo, kwa sababu bila hilo kamati haitajua inatunza nini.

Wakweka walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakifuata mafundisho ya George Fox, na walifungwa na kutozwa faini kwa imani yao. Mwaka 1675 John Fenwick, naye Mkweka, aliwaleta walowezi kwa meli iliyoitwa Griffin hadi ukingo wa mashariki wa Mto Delaware akaanzisha Salem, miaka saba kabla William Penn hajafika Pennsylvania. Ardhi ilikuwa ya Walenape, wenyeji wake wa asili. Watu wa Salem wanasimulia kwamba Fenwick alipatana nao chini ya mwaloni mkubwa uliokuja kuwa ndani ya makaburi ya Marafiki pale Salem. Mti huo ulianguka Juni 2019. Walowezi wa mwanzo walijenga kwa mbao. Watoto wao, waliotajirika kwa mashamba na kwa mabonde ya kinamasi waliyoyawekea tuta na kuyakausha, ndio waliojenga kwa matofali.

Katika nyumba zote za kundi hili ninayoithamini kuliko nyingine ni ya Abel na Mary Nicholson, iliyojengwa mwaka 1722 huko Elsinboro. Abel aliletwa na wazazi wake kwa ile meli Griffin akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1859 ukoo ulijenga upande mpya uliounganishwa na nyumba ya zamani, na maisha yakahamia huko. Ile sehemu ya 1722 ikaachwa bila kubadilishwa sana. Ndiyo maana mwaka 2000 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa zima, ngazi ya juu kabisa Marekani. Haikukarabatiwa kwa ustadi usio wa kawaida. Iliachwa tu, na kuachwa kumeiokoa kuliko ambavyo kazi nyingi za ukarabati zimewahi kuokoa nyumba.

Mapambo sasa. Ukitazama ukuta wenu kwa karibu utaona kila mstari una tofali moja lililolazwa kwa ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa, kisha ubavu, kisha kichwa. Mpangilio huo peke yake unampa mwashi nafasi ya kuchagua: kila kichwa anaweza kuweka chekundu au cha bluu. Akiweka vya bluu vyote anapata mraba-mraba mbele ya nyumba. Akivihesabu mstari kwa mstari na kuvisogeza, anapata almasi, zigizaga, tarakimu za mwaka, na herufi za waliooana. Fundi hakupata nafasi ya kufuta. Akikosea hesabu mstari wa tano, kosa linapanda naye hadi kwenye paa. Mimi huzitazama kuta hizi kwa heshima ile ile niliyo nayo kwa mchonga milango wa Pemba.

Ufundi wenyewe ulitoka Uingereza, ambako kuta zenye almasi za matofali meusi zilikuwapo tangu karne ya 15. Kwa hiyo hawakuuzua. Lakini kwa nini watu waliokataa utepe kwenye nguo na mnara kwenye nyumba ya ibada waliukubali kwenye ubavu wa nyumba? Wengi hujibu kwamba utajiri uliwashinda, na sehemu ya ukweli imo humo. Nyumba ilisimama kwenye bonde tambarare na ubavu wake ulitazamwa na kila aliyepita kwa barabara au kwa mashua. Mimi naona na sababu nyingine. Marafiki wa wakati ule walikataza mawe ya makaburi yenye majina, kwa kuwa waliona ni majivuno. Mtu alizikwa na jina lake halikuandikwa popote palipo wazi. Angalia basi kilichoandikwa ukutani: herufi ya ukoo, ya mume na ya mke. Mke amewekwa sawa na mume, katika jamii iliyowaruhusu wanawake kuhubiri. Hiyo ni kumbukumbu ya ndoa na ya kaya, na nadhani waliihalalisha kwa sababu imo ndani ya kazi ya tofali, haikuongezwa juu yake.

Msiishie kwenye uzuri huo. Wapo Wakweka wa New Jersey na Pennsylvania waliomiliki watumwa katika miaka hiyo hiyo ya 1720 na 1730. Wachache wao huko Germantown waliandika kupinga utumwa mwaka 1688, John Woolman wa Burlington County akaubeba ujumbe huo nyumba kwa nyumba, lakini ni mwaka 1776 tu Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, chombo kikuu cha Marafiki wa eneo hilo, ulipowakataza waumini wake kumiliki watumwa. Kamati ikiandika historia ya nyumba, itafute, kwenye wosia na orodha za mali za marehemu, ni nani na nani waliokuwa wakiishi humo. Nyaraka hizo zipo, na mara nyingi ndimo yanamoonekana majina ya watu ambao ukuta haukuwaandika.

Karibu nanyi kuna nyumba ya William na Sarah Hancock, huko Hancock's Bridge, yenye herufi zao na mwaka 1734 ubavuni pamoja na zigizaga nzuri sana. Nendeni mkaione. Alfajiri ya Machi 21, 1778, wakati wa vita vya uhuru, askari wa Mfalme wa Uingereza wakiongozwa na John Graves Simcoe waliingia humo na kuwachoma kwa singe wanamgambo waliokuwa wamelala. Jaji William Hancock, mtoto wa waliojenga, aliyejulikana kuwa upande wa Mfalme, alikuwamo na akafa kwa majeraha siku chache baadaye. Jimbo la New Jersey liliinunua nyumba hiyo mwaka 1931 kwa ajili ya usiku ule mmoja. Nawatajia habari hii kwa sababu kila kamati hufika mahali inaulizwa: tunairudisha nyumba kwenye mwaka gani? Katikati ya karne ya 20 wakarabati wengi walibomoa vibaraza, majiko na madirisha ya karne ya 19 ili nyumba ionekane ya kikoloni tupu, kisha wakajaza pengo kwa kubuni. Msifanye hivyo. Kilichoongezwa na vizazi vya baadaye nacho ni historia, na kikishabomolewa hakirudi. Kama ukutani, juu ya milango, kuna alama ya mstari mrefu wa mashimo yaliyozibwa, hapo pengine palikuwa na kipaa kidogo kilichozunguka nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya bonde la Delaware. Pigeni picha, pimeni, andikeni, lakini msikijenge upya kwa kuwa tu mmeona alama.

Haya, kazi yenyewe ifuate utaratibu gani?

Maji kwanza, ukuta baadaye. Kagueni paa, mifereji ya maji ya mvua, na bomba la moshi pale linapotokeza juu ya paa. Kagueni kama udongo umepanda ukutani kwa miaka, au kama kuna zege iliyomwagwa pembeni mwa msingi. Eneo lenu lina kinamasi na maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo unyevu kupanda ukutani hamtaukomesha kabisa. Mnachoweza ni kuupa njia ya kutoka. Ndani ya nyumba, kama sehemu za chini za kuta zimepigwa lipu ya saruji au rangi ya plastiki, hizo nazo zinafungia maji. Mkirekebisha haya tu, uacheni ukuta ukauke msimu mzima kabla hamjagusa tofali. Kamati hazipendi kungoja, lakini sijawahi kuona aliyejutia kungoja huku.

Kisha uondoaji wa saruji. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibiwa na watu wanaotaka kuzitengeneza. Grenda ikipitishwa kwenye viungo vyembamba hula kingo za matofali, na kiungo kilichokuwa chembamba kinabaki kipana milele. Viungo vya wima ni vifupi mno kwa mashine. Tumieni patasi nyembamba na nyundo ndogo, kwa mkono, na mwanzie kwenye sehemu ya majaribio. Pale ambapo saruji imeshikana na tofali kiasi kwamba kuitoa kutavunja tofali, iacheni. Kina cha kukwangua ni mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo. Ndivyo wanavyoelekeza hata Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, na uzoefu wangu unakubaliana nao.

Mota mpya iwe ya chokaa. Mpelekeeni mtaalamu kile kipande cha zamani, achambue mchanga wake. Kwa kawaida mnaishia kwenye sehemu moja ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa, kwa sehemu mbili na nusu hadi tatu za mchanga mkali wenye punje za ukubwa tofauti. Rangi ya mota hutokana na mchanga, kwa hiyo mchanga usipofanana, hakuna rangi ya dukani itakayoficha. Kabla ya kujaza, loanisheni viungo, la sivyo tofali litanyonya maji yote na mota itakuwa vumbi. Jazeni kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi milimita 6 hivi, ikaze kwanza ndipo ifuate nyingine. Kisha ifunikeni kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, isipigwe na jua wala upepo. Chokaa haikauki tu kama tope. Inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe polepole, na ikiganda barafu kabla ya hapo, kazi imepotea. Huko kwenu msianze baada ya mwanzo wa msimu wa majani kupukutika. Mwisho, tafuteni penye kiungo cha asili muone kimemaliziwaje. Waashi wa kikoloni mara nyingi walichora mstari mwembamba katikati ya mota. Mstari huo ukikosekana, ukuta mzima hubadilika sura hata kwa asiyejua sababu.

Kuhusu matofali yaliyobanduka: mengi yaacheni. Tofali lililopoteza milimita chache usoni bado linabeba mzigo wake. Yaliyooza kabisa yatolewe moja moja, na kabla hamjatafuta jipya, ligeuzeni lile lile mtazame upande wa nyuma. Mara nyingi upande huo ni mzima, na linarudi mahali pake likiwa limetazama nje kwa upande huo. La kubadilisha liwe la kupigwa kwa mkono, lenye ulaini unaolingana na majirani zake. Vichwa vya bluu ndivyo vigumu kupata, kwa sababu matanuri ya gesi hayatoi kioo kile. Wapo mafundi wachache wanaochoma kwa kuni hadi leo, na pale Colonial Williamsburg, Virginia, huchoma tanuri la namna hiyo mbele ya wageni. Ulizeni kwao. Kupaka rangi ya bluu juu ya tofali jekundu ni udanganyifu ambao mvua itauumbua.

Dawa ya kuzuia maji msiipake, hata ile inayodaiwa kupumua. Wala msikubali kusafisha ukuta kwa kupuliza mchanga. Dakika chache zinatosha kuondoa ngozi ya tofali na kioo cha bluu vyote viwili. Maji ya shinikizo dogo na brashi ya nyuzi za mimea yanatosha, na weusi kidogo wa miaka hauna madhara.

Kwa fundi wenu sina ubaya naye. Mwombeni aoneshe ukuta wa chokaa alioujaza miaka mitano au zaidi iliyopita, mkauone kwa macho. Kama hana, mtafuteni aliye naye, na huyu wenu afanye kazi chini yake ajifunze. Gharama itapanda, na hapo mfuko wa jimbo uitwao New Jersey Historic Trust hutoa ruzuku kwa vikundi visivyo vya faida vinavyomiliki majengo ya kihistoria. Masharti yake yasomeni kabla ya kuanza, kwa kuwa kazi iliyofanywa kabla ya maombi kwa kawaida hailipwi. Nitumie picha ya kiungo mlichokwaruza kwa msumari na ya ubavu mzima ukipigwa na jua la pembeni, asubuhi au jioni, nikuambie ni sehemu gani ianze.